Kangaga Iliyoandikiwa Jua

Lebo iliyokuja na mmea ilisema: "Kilimani, mwamba mkavu, jua la kutwa." Mama Gundi aliisoma mara mbili, kisha akatazama viatu vya shemeji yake.

"Mwamba mkavu, na viatu vimejaa matope?"

"Ya njiani hayo, dada."

"Mvua wiki ya tatu hii haijanyesha."

Shemeji akacheka kicheko cha kukwepa, akaenda kunawa.

Walimwita Mama Gundi kwa sababu ndiye aliyebandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu na kuitafutia jina. Shemeji, mume wa mdogo wake, ndiye aliyezunguka porini kuikusanya. Miaka sita hawakuwahi kukwaruzana. Lakini juzi mdogo wake alimjia macho yamevimba kwa kulia: mumewe kila Jumapili anaaga kwenda porini, harudi mpaka jioni, na haleti hata jani. Sasa kaleta jani, na limekuja na uongo.

Akawasha taa ya mezani, akashika lenzi. Bua lilikuwa jeusi, linang'aa, jembamba kama unywele. Vijani vilikuwa na umbo la nusu mwezi, ukingo wa kila kimoja umekunjwa chini kuficha vijimbegu kama vumbi. Ncha ya jani zima ilikuwa imerefuka kama mkia, na mkia wenyewe umetoa mizizi. Jina alilijua bila kufungua kitabu. Alijua pia kwamba kangaga ya aina hii hupenda kivuli na mawe yanayotiririka maji. Juani hujikunja ikakauka. Na kwenye mizizi palikuwa na ukoga wa kijani na ganda jeupe la chokaa, lile linaloachwa na maji yanayodondoka.

Shemeji aliporudi, alimsubiri akae.

"Nyumba ndogo yako inapanda maua?"

"Nyumba ndogo gani tena?"

"Hii haikuota juani. Umeichuma kwa nani?"

Shemeji akainuka, akafunga mlango.

"Ziko mahali, dada. Ukuta mzima wa mwamba. Jumapili naenda kuhakikisha hazijaguswa."

"Sasa uongo wa nini?"

"Zile za mwaka jana uliandika njia hatua kwa hatua daftarini. Niliporudi baada ya mwezi, nilikuta mashimo matupu. Na daftari unalo wewe peke yako."

Mashavu ya Mama Gundi yakawaka moto. Alitaka kufoka, mara akamkumbuka yule bwana wa kitalu cha maua, mpole, maneno matamu, aliyeomba "kujifunza kidogo". Alimfungulia daftari mwenyewe, akamwachia asubuhi nzima.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Nilimwonyesha mtu wa kitalu. Sikujua."

"Hukujua," Shemeji akarudia, na haikueleweka kama anakubali au anauliza.

Mama Gundi akaichana lebo, akaandika nyingine: "Ukuta wenye maji, kivulini." Mahali akapaacha wazi, na daftari akalifungia kabatini.

Jumapili Shemeji aliwachukua wote wawili, mkewe na Mama Gundi. Walitembea saa mbili hadi kwenye genge la mwamba lenye ubaridi, ambako kangaga zilining'inia kwa mamia. Matone yaliteleza juu ya majani bila kuyalowesha. Mdogo wake alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akamshika mumewe mkono.

Mama Gundi naye alifurahi. Ila njiani walikuwa wamepita kisiki kilekile mara tatu. Alielewa kwamba anazungushwa makusudi asiijue njia.