Nimepokea, Nimeridhika

Tochi zilifika Jumamosi, na Katibu akazipanga juu ya meza yake ya chakula baada ya kuondoa kitambaa na chupa ya pilipili. Wanachama walikuja mmoja mmoja kuchukua. Kila aliyeingia alivua viatu, akachagua kwa makini ingawa zote zilikuwa sawa, akamulika ukuta, akamulika kiganja chake mwenyewe, akafungua mfuniko na kuichungulia betri kama anayekagua meno ya ng'ombe. Kisha alitoa simu na kuandika kwenye kundi maneno yaleyale yanayoandikwa kila mara: "Nimepokea, nimeridhika." Bila maneno hayo tochi haitoki mezani. Kanuni hiyo Katibu aliiweka baada ya mwanachama mmoja kutumia tochi mwaka mzima ndipo akakumbuka kulalamika.

Walikuwa watu wazima wenye akili zao na kazi zao. Katibu alifundisha jiografia. Alikuwemo muuguzi wa wodi ya wazazi, waliyemwita Mama Lumeni kwa sababu hakuna tochi aliyoisifia kabla ya kuipima lumeni zake, yaani wingi wa mwanga, na alikuwemo dereva wa lori la maji aliyeitwa Betri. Walipenda tochi kama wengine wanavyopenda mpira. Tochi walizozitaka haziuzwi dukani, kwa hiyo walichanga na kuagiza kiwandani kwa pamoja, na kati ya agizo moja na jingine waligombana.

Fundi alifika jioni akiwa bado na ovaroli. Kazi yake ilikuwa kukereza vyuma. Karakana yake ilitengeneza bushi za pampu za maji. Tochi iliyokuwa mezani ilikuwa yake, kwa maana kwamba aliibuni yeye. Aliiokota moja, akapitisha kidole chini ya kitufe, akakuta kibonyeo, kama chuma kilichogongwa.

Hapo inabidi kueleza. Baba yake Fundi alikuwa mlinzi wa ghala, na geti la ghala lilikuwa limemkata ncha ya kidole gumba. Tochi za kawaida zilimsumbua, kwani kitufe kiko katikati na gumba lake lilikuwa halifiki. Fundi akamkerezea tochi ya alumini yenye kitufe kilichosogezwa pembeni kidogo, mahali hasa kipande kile cha gumba kilipoangukia. Alipotuma picha kwenye kundi, watu walimcheka kwamba kitufe chake kimeenda kombo. Tochi ikabaki na jina hilo, Kombo, na baada ya kuishika mkononi waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kuomba iagizwe.

Mzee alifia lindoni. Alianguka getini akiwa na tochi mkononi, nayo ikagonga kizingiti na kubonyea chini kidogo ya kitufe. Walipomkuta ilikuwa bado inawaka. Fundi angeweza kuunyoosha ule mwili wa alumini bila jasho, maana kunyoosha vyuma ndiyo kazi yake. Hakuunyoosha. Alimkopesha Katibu tochi hiyo iwe sampuli, kwa sharti kwamba kiwanda kiwe kile walichokubaliana, na chapa yake ndogo ichongwe kwenye kitako.

Sasa aligeuza kitako. Palikuwa na chapa ya kiwanda kingine.

"Katibu, hawa si wale tuliokubaliana."

"Wale walituzungusha, Fundi. Leo kesho, leo kesho. Watu wamechoka kusubiri."

"Na chapa yangu?"

"Hawa wanasema wamebuni wenyewe." Katibu alisema hivyo huku akipanga maboksi matupu. "Sasa mimi nitabishana na kiwanda?"

"Wamebuni na kibonyeo?"

Katibu alivaa miwani, akaangalia tochi moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kibonyeo kilikuwepo katika zote, mahali palepale, kina kilekile, na mkwaruzo wake mdogo upande wa kushoto. Mashine za kiwanda zilipima kila zilichopewa, na hakuna aliyeziambia kipi ni ubunifu na kipi ni kifo.

"Kwenye tangazo wameandika ni pa kupumzishia kidole," alisema.

"Sampuli yangu iko wapi?"

"Wamesema wataituma."

Hawajaituma mpaka leo. Fundi aliirudisha tochi mezani, akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuandika kitu. Njiani alisubiri hasira ije, haikuja. Alihisi ganzi tu, kama mkono uliolaliwa.

Jumatatu umeme ulikatika mtaa mzima wakati wa magharibi, na Mama Lumeni akawasha Kombo yake jikoni. Mzee akaingia. Alikuwa amevaa koti lake la lindo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa uani, akatikisa kufuli, akarudi, akavuta kigoda, akaketi. Mama Lumeni alimwuliza kama anakunywa chai. Alijibu kwamba anakunywa, na sukari isionewe huruma. Tochi ilipozimwa, hakuwepo tena, na kikombe kilikuwa kitupu.

Wiki hiyo alikwenda kila nyumba iliyowasha tochi ile. Wakiwasha wawili kwa wakati mmoja, alikuwa kote kuwili. Alitikisa makufuli, aliuliza gari la nani hilo nje, na kwa Katibu alikataa kuketi kwa sababu dirisha moja halikuwa na komeo. Kwenye kundi lilizuka jambo la kujadili, na watu walijadili kwa urefu na kwa takwimu.

"Mimi nimepima," aliandika Betri. "Mzee akiwepo, chaji inakwisha haraka. Anakula betri."

"Usiwashe mwanga wa juu kabisa," alijibu Mama Lumeni. "Kwa mwanga wa chini anakaa hata mpaka taarifa ya habari iishe. Ila anaficha taa akiinama."

Mwingine aliuliza kama yupo pia kwenye toleo la rangi nyeusi. Akaambiwa yupo.

Fundi aliandika mara moja. Alieleza kwamba kibonyeo kile ni cha tochi yake, kwamba yule ni baba yake, na kwamba kama kiwanda kilibuni chenyewe basi kieleze kilimpataje. Alituma picha za zamani: tochi kabla ya geti, tochi baada ya geti. Aliomba kitu kimoja tu, chapa yake ichongwe kwenye tochi zitakazofuata.

Kisha Betri akaandika, "Fundi tunakuheshimu, lakini kitufe ni kitufe. Kuna mtu anamiliki pembeni?" Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Mama Lumeni aliandika, "Pole, mdogo wangu," na baada yake akauliza kama kuna mwenye betri ya akiba. Mwishoni Katibu akaweka neno lake: waliopokea wote wameandika kwamba wameridhika, na mtu hawezi kuridhika na kitu cha wizi, kwa hiyo si cha wizi. Alimshukuru kila mmoja kwa mchango wake.

Fundi hakuumia sana kwa hayo. Kilichomuumiza kilikuwa nyumbani.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama yake, na mama alikuwa amesikia. Habari za namna hiyo hazihitaji kundi la simu. Kila jioni mama aliweka kiti cha mumewe karibu na mlango, akachemsha chai, akafunika kikombe kwa kisahani. Umeme ukikatika aliinua shingo.

"Bado hajaja?"

"Bado, mama."

"Kwa muuguzi amekwenda?"

"Amekwenda."

"Ameketi?"

"Wanasema ameketi."

Mama alikifunua kikombe, akakinywa yeye mwenyewe kikiwa kimepoa. "Muuguzi chai yake maji tupu," alisema.

Mama Lumeni, ambaye hakuwa mtu mbaya, alituma ujumbe kwamba wanakaribishwa wakati wowote. Wakija tu atawasha. Fundi alimsomea mama. Mama alikuwa anakunja nguo, na hakuacha.

"Siendi kumwona mume wangu kwa watu," alisema.

Fundi alijaribu njia aliyoijua. Alikereza Kombo mpya kutoka kwenye kipande kizuri cha alumini, akasogeza kitufe palepale, akachonga chapa yake kwenye kitako. Kisha aliibana kwenye jiriwa na kuipiga nyundo chini ya kitufe. Akaitazama, akaitupa kwenye chuma chakavu, akakereza nyingine. Hii ya pili aliibeba hadi geti la ghala, akaiangusha juu ya kizingiti kilekile, na mlinzi mpya akamwuliza kama anatafuta mtu. Ilibonyea, lakini ilibonyea kivyake. Jioni aliiwasha mbele ya kiti. Mwanga wake ulikuwa mzuri, mpana, wenye unjano kidogo kama alivyopenda baba, na kiti kilibaki kitupu mpaka mama akasema inatosha.

Mkono wake haukuweza kurudia kibonyeo kile, na mashine za wenyewe ziliweza. Alilielewa hilo kama fundi, na kama fundi hakuwa na la kubisha.

Siku iliyofuata alimkuta mama ameketi kwenye kile kiti mwenyewe, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mwanangu," mama alisema, "hiyo tochi yao ina ubaya gani?"

"Wameiba, mama."

"Najua wameiba. Nimekuuliza ina ubaya gani."

Fundi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa gauni, akaenda kwa Katibu. Tochi yake ilikuwa bado ipo, peke yake kwenye kabati la vyombo, katikati ya sahani za wageni. Katibu alifurahi kumwona, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Alikuwa mtu asiyependa kuona jambo limebaki wazi. Aliileta kwa mikono miwili.

"Hii ni yako kwa heshima, Fundi. Ila unajua kanuni."

"Naijua."

"Si kwamba mimi sikuamini. Ni utaratibu tu."

Fundi alitoa simu. Vidole vyake viliandika bila tabu yoyote, maana ni maneno aliyokwisha kuyaandika mara nyingi kwa tochi za watu wengine. Nimepokea, nimeridhika. Kabla hajavaa kiatu cha pili wanachama walikuwa wameshaanza kumpongeza. Betri aliandika kwamba huo ndio uungwana.

Jioni hiyo umeme ulikuwepo. Mama alizima taa mwenyewe. Fundi aliweka tochi mezani ikitazama dari, akabonyeza kitufe, na baba yake akaingia.

Alitikisa kufuli la mlango wa nyuma, akasukuma madirisha, akaridhika nayo. Kisha akaketi kwenye kiti chake. Mama alimfunulia kikombe.

"Umechelewa," alisema mama.

"Lindo limekuwa kubwa. Nyumba zimeongezeka."

"Kula na muuguzi unapata nafasi."

"Ni chai tu, bibie. Tena nyepesi."

Mama aligeuka upande kuficha uso, akijifanya anatafuta kijiko. Walizungumza habari za nyumba: paa la choo, mkwe wa jirani aliyerudi kwao, mti uliokatwa. Fundi aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa amejiandaa kulia, akakuta hakuna kitu.

Baadaye Mzee alinyoosha mkono akaichukua tochi. Kile kipande cha gumba kiliangukia juu ya kitufe bila kutafuta. Alibadilisha mwanga juu, akabadilisha chini.

"Hii imenikaa," alisema. "Kama waliniuliza."

"Nimeibuni mimi, baba."

Alimtazama kwa upole. Kisha akafanya alichokifanya maisha yake yote kwa kila kilichopita getini: aligeuza kitu akatafuta chapa. Aliisogeza karibu na macho. Alisoma taratibu, akipitisha ukucha juu ya herufi.

"Hapa pana jina la kiwanda, binti."

"Waliiga ya kwako. Ile niliyokutengenezea."

"Getini kila anayetoka na mzigo husema ni wake." Hakusema kwa kumshutumu, alisema kama mtu anayemweleza mtoto jinsi kazi ilivyo. "Wengine hulia kabisa. Nami nawaambia, mimi sina ugomvi na mtu, mimi nasoma chapa."

"Mwache mtoto," alisema mama.

"Nimemwacha. Ingekuwa yake ingekuwa na jina lake." Akampapasa Fundi mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kiasi cha bati la asubuhi. "Wewe nawe siku moja utatengeneza yako."

Fundi alisema ndiyo, baba.

Simu ililia juu ya kabati. Katibu alikuwa anatangaza agizo la pili. Kiwanda, kwa kuona jinsi bidhaa ilivyopendwa, kimekubali kuleta nyingi zaidi, na kwenye tangazo jipya kimeongeza kwamba tochi hukagua pia milango. Wanachama walikuwa wanajiandikisha, mmoja chini ya mwingine.

Mwanga ulianza kufifia, na Mzee naye akafifia, akiwa katikati ya habari ya paa la choo. Mama alibaki ameinamia kiti kidogo, akingoja sentensi iishe. Haikuisha. Akakusanya vikombe gizani, kwa mazoea, bila kugonga kitu.

"Kesho uichaji mapema," alisema.

Fundi aliiokota tochi, akawasha taa ya sebuleni, akaenda kuichomeka.