Mswaki wa Kashata

Mzee Oloo hakuelewa kitu. Mswaki alikuwa nao, ule mdogo wa watoto. Dawa alikuwa nayo, ile ya mbwa yenye ladha ya kuku. Na mbwa mwenyewe alikuwa mbele yake pale uani, amekaa kitako kwa adabu zake zote. Kilichokosekana ni kinywa. Kashata alikuwa ameubana mdomo, anamtazama bwana wake kwa huruma, utadhani mgonjwa ni Oloo.

"Fungua, mwanangu. Kidogo tu."

Wapi! Alipojaribu kumwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, Kashata akageuza shingo ukutani. Akamfuata huko, mbwa akageukia huku. Dawa ikaishia sikioni mwa mbwa na kwenye suruali ya mzee.

Na jambo lenyewe, msidhani, si la mchezo. Kashata alikuwa ameacha kula, mate yanamtoka yana damu, na kinywa kinanuka mpaka mlangoni. Asubuhi hiyo Jamaldin, daktari wa wanyama, alimfunua meno akaguna. Ukoga mgumu wa manjano ulikuwa umeyashika magego, na fizi zimevimba.

"Mbwa mwingine ningemdunga sindano ya usingizi nikamsafisha," alisema. "Huyu ni mzee, na moyo wake ni mbovu. Nikimlaza, huenda asiamke. Nimempa dawa ya uvimbe, lakini bila mswaki kila siku hatufiki mbali. Na usimshike kwa nguvu kama tulivyomshika leo, moyo hautastahimili. Wala usimtie dawa yako wewe ya meno, maana mbwa hatemi, ataimeza imdhuru. Kwani nani alikuwa akimsafisha?"

"Mke wangu."

"Basi muulize afanyavyo."

Mke mwenyewe, Mama Ashley, alikuwa Nakuru kwa binti yao aliyejifungua. Alikwenda kumlea mzazi. Mtoto sasa anakaa mwenyewe na ameanza kuota meno, na bibi bado yuko huko huko. Atarudi lini? Oloo hakuwa ameuliza. Miaka yote aliyofanya kazi bandarini, na hata alipostaafu wakabaki kwenye nyumba yao ya Mbaraki, mambo ya watoto na ya mbwa yalikuwa ya mama. Habari ya kumpiga mbwa mswaki aliiona kichekesho, na mama alipoondoka kichekesho kikasimama. Sasa haya.

Alimpigia simu. "Unaongea naye tu, Baba Ashley," mkewe akamjibu. "Ukiongea, anafungua."

"Niongee nini?"

"Maneno ya kawaida. Haya, mtoto analia."

Maneno ya kawaida! Basi Oloo akaongea. Alimsimulia Kashata habari za meli na makontena, akamweleza mpira wa Jumapili, akamwamkua kwa Kijaluo, akamwimbia hata pambio la kanisani. Kashata alipiga miayo mara moja, mzee akakurupuka na mswaki, lakini kinywa kilishafungwa zamani. Kichwa kilimzunguka. Akakaa juu ya ngazi akashika tama, na mbwa akaja kumlalia miguuni.

Hapo ndipo aliposhuka Bi Mubaraka, jirani wa ghorofa ya juu, mke wa Kaizar mwenye duka la kanga Biashara Street. Alisimama kwenye kidato cha tatu cha ngazi, amekusanya mkononi upindo wa rida yake, lile vazi lake la kujisitiri, kwa kuwa yeye ni mtu wa swala na mate ya mbwa hayataki karibu.

"Baba Ashley, kwani wamsomea mbwa taarifa ya habari?"

"Nimeambiwa niongee naye, dada. Naongea, hafungui."

"Hayo siyo maneno yake." Akatazama kando. "Usinione nadukiza, dirisha la jiko langu laelekea hapa. Mama Ashley akimsafisha, alikuwa akikusema wewe."

"Kunisema? Kwa uzuri?"

"La."

"Akisemaje?"

"Astaghfirullahi, mambo ya watu haya." Lakini alimwona Kashata anavyodondosha mate ya damu, moyo ukamlainika. "Asema polepole, kwa sauti ya chini. 'Oloo amerudi. Oloo amekula. Oloo amewasha televisheni. Leo nimesuka nywele, hajaona.' Na mbwa kamwachia kinywa wazi, mkono wote ndani."

"Tangu lini?"

"Tangu mbwa huyu yu mtoto."

Oloo alicheka, kisha akaona hakuna cha kuchekesha. Alisuka lini? Mtindo gani? Alijaribu kukumbuka, akaambulia patupu. Akamgeukia mbwa, akasema kwa sauti ya chini kama alivyoelekezwa, "Oloo amerudi. Oloo amekula." Kashata akasimamisha masikio. Akatazama mlango wa jikoni, akamtazama Oloo, akatazama tena mlango, akaanza kulia.

Mzee akatoa simu, akampigia mkewe, akaifungulia spika, akaiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Mama Ashley, fizi zinatoka damu. Daktari amesema asiposafishwa tutampoteza. Nisaidie. Msemee yale maneno yako."

"Maneno gani?"

"Ya Oloo."

Bi Mubaraka akapanda ngazi mbio, na huko juu dirisha likasikika likifungwa. Kwenye simu Mama Ashley akauliza,

"Na wewe uko hapo?"

"Nipo. Nimemshika mbwa."

"Kashata," sauti ikaita, laini, sauti ambayo Oloo hakuijua, ingawa aliishi na mkewe miaka yote hiyo. "Kashata, babangu. Unanisikia? Oloo amestaafu. Nikasema, haya, sasa tutakaa tuongee."

Kinywa kikafunguka. Kikafunguka chote, magego, chonge, na ule ufizi mwekundu uliovimba. Oloo akainama. Akaupitisha mswaki taratibu, na mbwa akatulia tuli.

"Akanunua televisheni kubwa zaidi," sauti ikaendelea. "Nikimwuliza kitu, anasema ngoja matangazo."

"Lakini mimi sikuju..."

Kap! Kinywa kikafungwa. Oloo akaumeza ulimi wake. Mama Ashley akangoja, kisha akaendelea, na mbwa akafungua tena. Mzee akaelewa kwamba kazi hii haina majibu.

"Nilipoondoka, Kashata, nilibeba sanduku kubwa. Nguo zangu zote, na picha ya mama yangu. Oloo ndiye aliyenibebea mpaka kwenye basi. Akasema ni zito. Hakuniuliza mbona ni zito."

Mswaki ukasimama. Oloo aliitazama simu juu ya ndoo. Atauliza nini kwanza? Lakini lilikuwa limebaki gego la mwisho, lile la upande wenye damu, na akinena tu kinywa kitafungwa. Akanyamaza. Akasugua polepole, macho yamemlowa, na Mama Ashley akaendelea kusema.