Moja Kumi na Saba

Baba yangu, Gerlof, alikuwa mkamuaji ng'ombe. Kila siku baada ya kahawa ya saa nne, isipokuwa Jumapili, aliketi mezani kuigawanya namba moja tu: moja kumi na saba zilizopangwa mstari, 11,111,111,111,111,111. Alitaka kujua kama ni namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Aligundua peke yake kwamba kigawanyo chake, kama kipo, ukikigawa kwa thelathini na nne lazima ibaki moja. Basi akavijaribu vya namna hiyo, kimoja kimoja, miaka thelathini na miwili. Marehemu mama alikuwa akiiita namba ile mke mwenza.

Mapafu yalipomlaza, aliniita. "Baukje mwanangu, niahidi utaendeleza daftari zangu, nife nimetulia."

"Baba, mimi ni mwalimu, si mwendawazimu."

"Kuna tofauti gani?"

Sikuahidi. Ila nilizichukua nikaanza kuzikagua, na kwenye Machi 1949, wiki aliyofariki mama yangu Tietje, nikakuta mwandiko mwingine. Kwetu Friesland nyumba ikifiwa, wenyewe hawagusi kazi mpaka wazike. Majirani hufanya yote. Sytze wa nyumba ya pili alitukamulia ng'ombe, akaosha ndoo, akafanya na hesabu za baba, maana nazo zilikuwa kazi ya nyumba. Na kazi ya jirani wa msiba haikaguliwi. Ukiikagua umemtukana.

Kwenye kigawanyo 2,071,723 Sytze aliandika baki saba. Mimi nikapata sifuri. Nikarudia mara tatu, sifuri ileile, na jibu 5,363,222,357. Namba ilikuwa imegawanyika siku ile, na baba akaendelea kuhangaika nayo miaka kumi na tisa zaidi. Nilikasirika. Hata harusini kwangu alikuja na penseli mfukoni, jamani.

Nilimwambia baba. Moyo uliniuma, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kwamba hesabu haifichwi. Aliisoma karatasi yangu polepole hadi mwisho, kidole kikifuata tarakimu, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Hesabu iliyokosewa ni ya Sytze?"

"Ni ya Sytze, baba."

"Usimwambie."

Mara mlango wa jikoni ukafunguliwa. Sytze mwenyewe, na bakuli la supu ya njegere.

"We mzee, bado upo? Na hiyo namba yako, imegawanyika?"

Baba aliikunja karatasi akaisukuma chini ya mto. "Bado. Kichwa ngumu kama wewe."

Sytze alicheka, akavuta kiti, akachota kijiko cha kwanza. "Nilikusaidia wiki ile ya Tietje, unakumbuka? Sikulala, nikiogopa nisije nikakuharibia."

"Ulinisaidia sana, Sytze," baba alisema, akafungua mdomo apokee supu.