Mtumbwi Uliokwenda Kukata Matete

Mwaba alikufa maji siku ya Ijumaa, mwezi wa nane, mwaka wa 1956, saa za shule. Alikuwa na miaka kumi.

Shule yenyewe ilikuwa ufukoni mwa ziwa Mweru, mwendo mfupi kaskazini mwa Nchelenge. Wazazi ndio walioijenga. Baba yake Mwaba, Bwembya, alifyatua matofali pamoja na wanaume wengine, na mama yake, Eneless, alibeba maji ya kukandia udongo, mimba ya mtoto wa pili ikiwa tumboni. Jengo lilipokwisha wakaletewa walimu, na tangu hapo wazazi hawakuwa na sababu ya kuingia ndani.

Ijumaa mchana watoto hawakusoma. Walifanya kazi: kufyeka uwanja, kuchota maji, kupalilia mihogo ya walimu. Ijumaa ile uzio wa choo cha wasichana ulikuwa umeanguka, na mwalimu mkuu, Ba Chanda, akaagiza watoto wakalete matete. Matete marefu yalikuwa ng'ambo ya ghuba. Mwalimu Lackson, kijana aliyehamia mwaka ule kutoka bara, upande wa Luwingu, akaenda kwa Bwembya kuazima mtumbwi. Bwembya alikuwa anashona nyavu. Akampa mtumbwi na makafi mawili, akaendelea kushona.

Walikwenda salama. Wakati wa kurudi, mtumbwi ukiwa na Lackson, watoto na mizigo ya matete, upepo ukavuma kutoka kusini na mtumbwi ukapinduka. Wavuvi waliokuwa karibu waliwaokota watoto, na mwalimu. Mwaba hawakumwona. Alipatikana asubuhi yake na watu waliokwenda kutega nyavu, kwenye maji ya kina kifupi, karibu na nchi kavu.

Ba Chanda alikuja mazikoni na wanafunzi. Waliimba nyimbo za kanisa, akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, kisha akawapanga watoto mistari na kuwarudisha. Lackson hakuja. Siku zilizofuata pia hakuja.

Eneless hakulia sana. Wanawake walimwangalia wakingoja alie, naye akawapikia bukari, ugali wa mihogo, akawagawia, akakaa nao. Kulikuwa na shida ya jina. Hapo kijijini mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, naye miaka yote alikuwa Bana Mwaba. Sasa watu wakimsalimu walianza "Bana", wakasita. Wengine waligeuza wakamwita Bana Chilufya, kwa jina la yule mdogo. Yeye aliitikia yote.

Baada ya wiki mbili jirani yao, Dorica, alikuja na habari.

"Ba Chanda anawaambia watu kwamba mtumbwi ulikuwa mbovu," alisema. "Anasema mwenye mtumbwi alijua."

Bwembya alishuka ufukoni, akaupindua mtumbwi, akapitisha viganja ubavuni mwake, kutoka mbele hadi nyuma. Akaona umekauka vizuri na hauna ufa. Kesho yake akaupindua tena. Eneless alimwona akifanya hivyo mara nyingi, wala hakumwuliza anatafuta nini.

Nyumbani walisema Kibemba na Kiswahili pamoja, kwa sababu Eneless alizaliwa Pweto, upande wa Kongo, na Bwembya alimpata huko alipokuwa akipeleka samaki. Jioni moja Eneless akamwambia, "Twende ku masomo. Tukaulize."

"Tukaulize nini?"

"Namna alikufa."

Walikwenda shuleni asubuhi. Ba Chanda alitoka, akasimama mlangoni mwa ofisi yake, mkono mmoja kwenye mwimo.

"Nawapa pole tena," alisema. "Lakini jambo hili sasa liko kwa Meneja. Mimi siruhusiwi kulizungumza."

"Tunataka kumwona mwalimu Lackson tu," Bwembya alisema.

"Anafundisha."

Ilikuwa kweli. Nyuma ya ukuta walimsikia Lackson akisoma neno, na watoto wakilirudia kwa sauti moja. Akasoma lingine, wakalirudia. Bwembya na Eneless walisimama uwanjani wakisikiliza, kisha wakaenda zao.

Meneja alikuwa mzungu wa misheni aliyesimamia shule zote za sehemu ile. Alikuja mwezi uliofuata kwa lori, na wazazi wakaitwa. Kikao kilifanyika ndani ya darasa. Hapakuwa na viti vya watu wazima, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa juu. Eneless aliangalia madawati mengine. Hakujua Mwaba alikuwa anakaa lipi. Akafikiri kuuliza, akaacha.

Meneja alikuwa mgeni na Kibemba hakukijua bado. Ba Chanda ndiye aliyekuwa akimtafsiria kwa Kiingereza. Bwembya alisimama akaeleza habari ya mtumbwi: aliuchonga nani, umevua miaka mingapi, umevuka ziwa mara ngapi. Alisema kwa muda mrefu, polepole. Ba Chanda alipotafsiri, yalikuwa maneno machache sana. Meneja akatikisa kichwa.

Bwembya akakaa. Alibaki anaangalia mikono yake.

Eneless alikuwa amemsikia yule mzungu nje, kabla ya kikao, akimwambia dereva wake asogeze lori kivulini. Alimwambia kwa Kiswahili, na ni Kiswahili cha Katanga, kama chake. Kibemba Eneless alikielewa vizuri. Kukisema mbele za watu ndiko kulikomshinda. Akasimama.

"Bwana," alisema, "miye ni mutu wa Pweto. Minaomba niseme Kiswahili."

Mzungu aligeuka. "Sema, mama. Minasikia. Nilikaa kule miaka mingi."

Ba Chanda hakujua Kiswahili. Alitazama huku na huku, akaona kazi yake imekwisha.

"Sikukuya kusema habari ya ile bwato, mutumbwi wetu," Eneless alisema. "Minataka kujua mutoto wangu alikufa namna gani. Tangu ile siku, hakuna mutu wa masomo alitueleza. Mwalimu alikuwa naye mu mayi. Aseme."

"Wewe haukuambiwa kitu?"

"Hapana. Tuliambiwa pole."

Meneja aligeukia walimu, akaagiza kwa Kiingereza, na mwalimu Lackson, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa karibu na dirisha, akasimama. Ba Chanda aliinuka naye, akaanza kusema neno, lakini Meneja akamwashiria akae.

Lackson alikuwa mwembamba kuliko walivyomkumbuka. Alisema kwa Kibemba, akimtazama Eneless.

"Mtumbwi ulikuwa mzima," alisema. "Mimi ndiye niliyeujaza. Nilitaka turudi mara moja tu, watoto na matete yote, maana jua lilikuwa linaenda. Upepo ulipokuja, watoto wa mbele waliogopa wakasimama. Nikawaambia wakae. Hawakunisikia. Ukapinduka."

"Halafu?" Bwembya aliuliza.

"Sijui kuogelea, tata, baba yangu. Kwetu hakuna ziwa. Nilishika mtumbwi, nikafumba macho. Nilipofumbua wavuvi walikuwa wamefika, na Mwaba hakuwepo."

Eneless aliuliza kwa Kibemba chake kibovu, "Aliita?"

"Sijui, mama."

"Alikuwa karibu nawe?"

"Ndani ya mtumbwi alikuwa mbele yangu. Baadaye sijui. Nilikuwa nimefumba macho."

"Mbona hukuja nyumbani?"

Lackson alimtazama mwalimu mkuu, akatazama sakafu. "Nilitaka kuja. Niliambiwa nisije."

"Ilikuwa kwa ajili ya usalama wake," Ba Chanda alisema. "Watu walikuwa na hasira."

Bwembya alikuwa ameingoja siku ile, mtu aseme mbele za watu kwamba mtumbwi wake haukuwa mbovu. Sasa lilikuwa limesemwa. Alingoja ajisikie kitu, furaha au hasira. Alisikia tu miguu yake imekufa ganzi kwa kukaa kwenye dawati la mtoto.

Lackson aliyarudia kwa Kiingereza, na Meneja akatoa uamuzi wake hapohapo. Lackson angepelekwa shule nyingine, mbali na maji. Watoto wasingepandishwa tena kwenye mtumbwi kwa kazi ya shule. Ba Chanda angebaki, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuweka. Kisha akasali kwa Kiswahili, sala ndefu, na wengi hawakuielewa. Alipomaliza akamwuliza Eneless kama ana neno jingine.

"Lupango ya choo, ile ya matete," Eneless alisema. "Ilimalizika?"

Meneja hakujua. Akamwuliza Ba Chanda, naye akajibu kwamba ndiyo, ilimalizika. Matete yaliyoelea hadi ufukoni yalitosha.

Walipotoka waliuona uzio. Ulikuwa umefungwa vizuri, na matete yalikuwa yamekwisha kugeuka rangi. Lackson aliwafuata hadi mwisho wa uwanja. Akapiga magoti chini, akapiga makofi polepole kama watu wa huko wanavyowaheshimu wakubwa. Bwembya akamwambia, "Simama, mwana." Akasimama. Wakaachana.

Mwaka mpya ulipoanza, Chilufya alikuwa ametimiza umri wa shule.

"Akae mwaka mmoja tena," Bwembya alisema.

"Halafu?"

"Halafu tutaona."

"Masomo ni ile moja tu," Eneless alisema. "Hakuna ingine."

Akampeleka mwenyewe. Ba Chanda alimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Aligusa. Wakampokea. Ba Chanda alisema wanafurahi kumpata, na Eneless akaitikia kwa heshima, akapiga goti kidogo kama inavyopasa. Mtoto akaingia darasani. Eneless akaenda hadi chini ya ukingo wa paa, akatandika mkeka, akakaa.

Kesho yake alikaa tena, akiwa na wavu wa kushona. Siku ya tatu Ba Chanda akamjia.

"Bana Chilufya, wazazi hawakai shuleni. Ni sheria."

Alimjibu kwa Kiswahili, bila kuinua macho. "Siko mu masomo. Niko inje."

Ba Chanda alielewa, au hakuelewa. Alisimama pale kidogo akiwa ameshika chaki, akarudi ndani. Hakumwambia tena. Ijumaa mchana watoto walipotoka na majembe, Eneless alikunja mkeka, akawafuata kwa nyuma hadi shamba la walimu, akasimama pembeni mpaka wakamaliza. Walimu hawakumpa kazi wala hawakumzuia. Dorica alimwuliza atafanya nini siku jambo likitokea.

"Sijui," Eneless alisema. "Nitaona tu."

Alikaa vile msimu wote wa mvua. Maji yalidondoka kutoka kwenye nyasi za paa yakamlowanisha miguu. Wakati mwingine alisikia sauti ya Chilufya kati ya sauti nyingine, wakati mwingine hakuitofautisha. Bwembya aliendelea kuvua kwa mtumbwi uleule, maana hakuwa na mwingine. Walikula, walikwenda kanisani, walilala.

Mvua zilipokwisha samaki wakawa wengi, na Eneless akaanza kukosa siku moja, kisha siku mbili. Ijumaa moja alikuwa anaanika samaki na Dorica. Jua lilikuwa limeinama alipokumbuka kwamba ni Ijumaa. Aliacha samaki, akaenda mbio hadi nyumbani kuchukua mkeka.

Chilufya alikuwa mlangoni, amekwisha kurudi, anakula kiporo cha bukari kwa mkono wenye udongo.

"Mulifanya kazi gani?" Eneless aliuliza.

"Kufagia."

"Mulienda ku ziwa?"

"Hapana. Tulifagia tu."

Eneless alikaa chini kando yake. Moyo ulikuwa unapiga kwa sababu ya mbio. Mtoto akamega tonge akampa, naye akalipokea akalila.