Kigimbi cha Paulina

Paulina aliteleza kwenye tuta la jaruba alipokwenda Bahi kumsaidia mama yake kupanda mpunga, akavunjika kifundo cha mguu wa kushoto. Alirudi Nkuhungu kwa mumewe, Ignas, akiwa na plasta hadi chini ya goti. Wiki sita alikaa barazani, mguu juu ya ndoo iliyofudikizwa, akichambua mboga na kumtania kila aliyepita. Ignas, fundi vigae, alijifunza kusonga ugali usio na madonge.

Plasta ilipokatwa, mguu ulitoka umesinyaa, ngozi inabanduka.

"Huu ni wa kuku," Paulina alisema, wakacheka.

Siku nne baadaye kigimbi kilikuwa kimevimba, kinang'aa, cha moto kuliko cha mguu wa pili. Akikanyaga, maumivu yanapanda mpaka nyuma ya goti. Ignas akampigia simu mama mkwe wake, Bi Scolastika, ambaye watu wa kijijini humwendea wakiteguka.

"Shikamoo, mama. Mguu wa Paulina umevimba."

"Marahaba, baba. Hiyo misuli imelala siku nyingi. Mchue kwa mafuta, asubuhi na jioni, kutoka chini kwenda juu. Akilia usimwonee huruma."

Akamchua kwa mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto. Siku ya tatu, Jumapili asubuhi, Paulina alifumba macho. "Hapo hapo," alisema. "Leo umepatia."

Ignas alikwenda kunawa mikono. Akamsikia anakohoa. Aliporudi alimkuta ameshika kifua, midomo imebadilika rangi.

"Ignas, pumzi haifiki."

Walimpakia kwenye bajaji ya jirani. Walipofika hospitali hakuwa akijibu tena, na hakuzinduka.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko Paulina. Alimkalisha Ignas kwenye benchi, akakaa naye.

"Mguu ukikaa bila kutembea, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa. Bonge hilo la damu likikatika linapanda mpaka kwenye mapafu."

"Nilikuwa namchua," Ignas alisema.

"Mguu wa namna hiyo hauchuliwi, kaka. Lakini lingeweza kukatika hata kama angekuwa anatembea tu chumbani. Mimi siwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Na wewe hutajua."

Wakamzika Bahi. Msibani, wanawake waliotoka Nkuhungu waliwasimulia wenyeji jinsi Ignas alivyomuuguza mkewe. "Mwanaume anamchua mkewe mguu asubuhi na jioni! Mmeona wapi?" Kila mmoja alimpa mkono na kumsifu. Aliitikia, akiangalia chini.

Siku ya tatu, watu walipotawanyika, Bi Scolastika alimwita nyuma ya nyumba.

"Baba, daktari alisema nini hasa?"

"Damu iliganda, mama. Kwa sababu ya kuvunjika."

"Na kule kuchua? Kulimsaidia?"

Ignas alikuwa amejiandaa kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini pale uani alikuwepo mzee mmoja aliyeteguka, ameketi kwenye gogo na chupa yake ya mafuta, anamngoja huyo huyo mama amalize kuongea na mkwewe.

"Mama," alisema, "mguu mmoja ukivimba ukawa wa moto, hasa kwa mtu aliyetoka kwenye plasta, hauchuliwi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo."



"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni mikono yangu, mama."

"Ilifundishwa na nani?"

Ignas alitaka kumwambia yale ya daktari, kwamba hakuna ajuaye, na alimwambia, lakini mama alikuwa ameshageuka. Aliingia ndani, akafunga mlango. Asubuhi bodaboda ilipokuja kumchukua Ignas, hakutoka kumuaga.

Mwezi uliofuata, Ruthu, mdogo wake Paulina, alimpigia simu. Mama hamgusi tena mtu yeyote, alisema. Hata aliyeteguka kidole anamwambia aende zahanati.

"Anakula?" Ignas aliuliza.

"Kidogo."

"Amewahi kuniulizia?"

"Bado, shemeji," Ruthu alisema. "Bado."