Kitanda cha Mshika Taa

Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, ndivyo tulivyofundishwa. Aliyetunga msemo huo, Mungu amrehemu, hakuwahi kuajiriwa kusoma maoni ya wachezaji wa gemu. Mama Maoni aliajiriwa kwa kazi hiyo hiyo. Asubuhi anaingia ofisini, anajimiminia chai, anawasha kompyuta, na watu asiowajua wanaanza kumtapikia nyongo mpaka saa ya kutoka. Jina la Mama Maoni walimpa wenzake kwa utani. Mtoto hakuwa naye hata wa dawa, lakini jina likishashika limeshika.

Gemu ilitoka kwenye riwaya, na riwaya ilitoka kwa mama yake mzazi. Bi Mkubwa, ndivyo alivyomwita, alikuwa mwalimu mstaafu aliyeandika kitabu kimoja tu maishani mwake. Nchi imemezwa na giza, dada na mdogo wake wanatembea na taa kulitafuta lango la kutokea. Mwishoni dada anapita. Mdogo, yule Mshika Taa, anabaki kulizuia lango lisijifunge, na giza linamchukua. Waliosoma kitabu walilia. Waliocheza gemu hawakulia, hao walikasirika, maana mtu akishapewa vitufe vya kubonyeza huamini kwamba mojawapo ni cha kumfufua maiti.

Wasilolijua ni kwamba Mshika Taa alikuwa mtu. Alikuwa kitindamimba wa Bi Mkubwa, aliyefariki kwa kifua angali mwanafunzi wa shule ya msingi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile ambayo mama yake anaishi mpaka leo. Umeme ulikuwa umekatika, na aliyeshika taa siku ile alikuwa dada mtu, yaani Mama Maoni mwenyewe. Mama aliandika kinyume. Mama Maoni hakuwahi kumuuliza kwa nini.

Kazini alikuwa na utaratibu wake. Kwenye kompyuta alijitengenezea makapu: kapu la sifa, kapu la lawama, kapu la mapendekezo. Maoni yakiingia, anayapitia haraka, anayatupa kapuni, anaendelea. Hayasomwi kwa moyo hayo, yanasomwa kwa jicho. Ukiyapa moyo utazikwa kabla ya siku zako.

“Nyota moja. Picha nzuri, utu hakuna.” Lawama.

“Kitabuni dada anatembea pekupeku, miguu imepasuka. Nyinyi mmemvisha viatu vya harusini. Mlikisoma kweli?” Lawama, ingawa hapo alicheka, maana hata Bi Mkubwa alilalamikia viatu vile.

“Nimecheza mpaka vidole vimeota sugu na mtoto bado anakufa. Semeni ukweli, kuna njia au hakuna?” Lawama.

“Nyumba yao ndiyo imeniua. Ule ufunguo nyuma ya tofali lililolegea, nilijisikia kama nimerudi kwetu.” Sifa.

Nyumba ilisifiwa na kila mtu, hata na wale waliotukana vingine vyote. Mchezaji akitaka kuhifadhi alipofikia, sharti airudie nyumba hiyo, achomoe ufunguo nyuma ya tofali, afungue mlango wa nyuma, aingie chumbani kwa Mshika Taa na kulala kitandani pake. Akiamka, giza limesogea nyuma kidogo. Aliyeijenga alikuwa Fundi Kuta, mwanamume mpole mwenye kitambi cha kuridhika, ambaye ofisini walimtania kwamba ukimwambia achore yai atakwambia kwanza umletee kuku. Hakuwa mtu wa kubuni. Alikwenda na kamera mpaka nyumbani kwa Bi Mkubwa, na bibi mwenyewe akamzungusha kila pembe. “Piga yote, baba,” alimwambia. “Usiniachie kitu.” Naye hakuacha.

Siku hiyo, kabla hata chai haijapoa, yaliingia maoni ya mchezaji aliyejiita Asiyelala. Mama Maoni alilijua jina hilo. Alikuwa mteja wa kila siku, mtu wa maneno machache, hatukani.

“Blanketi mmekosea. Ni la kijani, na pembeni lina kiraka cha maua. Halafu kitanda kinalia ukigeukia ukutani, nyinyi mmekifanya kimya. Rekebisheni. Mengine yote mmepatia.”

Mkono wake ulishaanza kuyasogeza kwenye kapu la lawama. Ukasimama.

Kwenye gemu blanketi lilikuwa la bluu, kwa sababu siku Fundi Kuta alipopiga picha lilikuwa la bluu. La kijani alilinunua Mama Maoni mwenyewe juzijuzi na kumpelekea mama, gemu ikiwa imeshatoka zamani. Na hicho kiraka hakukijua ila kwa simu, wiki iliyopita, Bi Mkubwa alipojisifia kwamba mikono yake bado inashona vizuri kuliko ya vijana wa leo.

Aliyasoma tena, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya hospitali. Kisha akamtafuta Asiyelala kwenye makapu yote, kuanzia mwanzo.

Ya kwanza aliyakuta kwenye sifa. “Mnara wa maji unaoonekana dirishani naufahamu. Nimeupita kwa miguu.” Yaliyofuata nayo yalikuwa kwenye sifa. “Tofali lipo. Ufunguo upo. Asanteni.” Alikumbuka siku alipoyatupa humo. Alikuwa anakula karanga, akajisemea, angalau mmoja ameridhika. Tofali lipo, ufunguo upo. Alidhani mtu anazungumzia gemu, maana hapo ofisini kila mtu alizungumzia gemu tu, mpaka walishasahau kwamba nyumba ile ina anwani.

Mengine yalikuwa kwenye mapendekezo. “Nimefikiri sana. Kama mtoto hawezi kupona, basi dada ndiye abaki langoni. Ni haki. Mleteni dada.”

Usilolijua ni kama usiku wa giza, lakini afadhali usiku wa giza kuliko kulijua jambo ukiwa umekaa kwenye kiti cha ofisi, mbali, na mama yako yuko peke yake. Bi Mkubwa magoti yake yalikuwa mabovu. Hata jogoo akimfukuza asingeweza kumkimbia, sembuse mwanamume. Mama Maoni alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

Fundi Kuta alikuwa kwenye meza yake, anapaka kutu kwenye bawaba za mlango fulani wa gemu.

“Lile tofali,” Mama Maoni alisema. “Ufunguo uliujuaje?”

“Ufunguo gani? Wa kwenu?” Alitabasamu. “Bi Mkubwa aliuchomoa mwenyewe kunifungulia mlango wa nyuma. Nikaona, hii nzuri hii, mtu hawezi kuibuni.”

“Ukauweka pale pale.”

“Pale pale, sentimita kwa sentimita.”

“Na mnara wa maji nje ya dirisha?”

“Picha halisi. Nilisimama chumbani kwa marehemu nikapiga.” Hapo akamtazama vizuri, na tabasamu likamtoka. Mama Maoni alimgeuzia skrini ya simu yake. Fundi Kuta alisoma. Alichukua funguo za gari.

Njiani foleni ilikuwa ile ya kumfanya mtu mzima alie. Mama Maoni alipiga simu mpaka sikio likachemka. Mwisho alipiga polisi, akajaribu kueleza habari ya gemu na blanketi, na aliyepokea akamuuliza kama kuna kilichoibiwa. Akasema hajui. Akaulizwa kama kuna aliyeumizwa. Akasema hajui. Akaambiwa akishajua apige tena. Alitaka kutukana, lakini simu ilishakatwa. Kichwani alikuwa anaiona nyumba ile, lakini si ile ya kweli. Aliiona ya gemu, na mtu anaizunguka kwa nyuma akijua kila kitu kilipo.

“Nimemuua mama yako,” Fundi Kuta alisema, macho barabarani.

“Endesha.”

Walipofika, hakungoja gari lisimame. Alipita pembeni ya nyumba, kwenye ile njia nyembamba anayoijua tangu utotoni, kati ya ukuta na pipa la maji. Tofali lilikuwa limerudishiwa vizuri, limesukumwa mpaka ndani. Alilichomoa. Nyuma yake palikuwa patupu.

Akaugonga mlango wa nyuma kwa viganja vyote viwili, akaita, akagonga. Ndani hakukusikika hata mchakacho. Kisha kitasa kikazunguka polepole, mlango ukafunguka kiasi cha uso, na uso ulikuwa wa Bi Mkubwa, mzima, na miwani yake imepandishwa kwenye paji.

Alitaka kumkumbatia. Alitaka na kumpiga pia, jinsi alivyomtisha. “Mama, simu hupokei kwa nini?”

Bi Mkubwa aliweka kidole mdomoni. “Punguza sauti. Nimeizima mlio.” Alimvuta ndani kwa kifundo cha mkono, akaufunga mlango nyuma yake kwa uangalifu, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni mwa gauni. “Mbona unagonga kama mdai? Amelala.”

Jiko lilikuwa vile vile. Sufuria ilikuwa juu ya moto mdogo. Mezani palikuwa na vikombe viwili, kimoja kimenywewa nusu.

“Nani amelala?”

“Wewe ndiye unayesoma maoni. Hujui?”

Mama Maoni alimshika mabega. Alimweleza kwa kunong’ona, maneno yakigongana: yule ni mchezaji, si mzima, aliipata nyumba kwa ule mnara wa dirishani, na ufunguo kwa tofali, twende, gari liko nje. Bi Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza zamani wanafunzi waliokuja na visingizio.

“Usinitazame hivyo, akili zangu timamu,” alisema. “Najua si yeye. Siku ya kwanza nilikuta shuka imekunjamana. Nikasema nazeeka, nimesahau kutandika. Nikatandika. Nikaikuta tena. Hapo niliogopa, mwanangu, sikudanganyi, nilikaa hapa jikoni na mchi mkononi. Siku nyingine nikarudi kutoka dukani mapema, nikamkuta. Mtu mzima, amejikunja ukutani kama mtoto. Nilikuja na mchi mpaka kichwani kwake.”

“Halafu?”

“Halafu nikamsikia anapumua.”

Alikwenda kupunguza moto wa sufuria, ingawa ulikuwa umeshapunguzwa. “Siku ile ya mdogo wako nilisinzia. Kitambo tu. Wewe ulikuwa na taa, nikasema mtoto yuko macho, acha nijiegeshe. Kilichoniamsha ni kimya. Tangu hapo sijalala usingizi wa maana, nadhani unajua, wewe si mgeni humu. Basi siku nilipomkuta huyu nilivuta kiti nikakaa mlangoni pake nikimsikiliza anavyovuta na kutoa, anavuta na kutoa. Nikalala hapo hapo kwenye kiti mpaka shingo ikakakamaa. Alipoamka aliniogopa kuliko nilivyomwogopa.”

“Mama, humjui mtu huyu.”

“Simjui. Nimemwambia aje. Ufunguo wa tofali ni wake, mimi nina wangu.”

“Ameandika mambo, Mama. Ameandika dada abaki. Unaelewa? Dada ndiye abaki langoni.”

Bi Mkubwa hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Mama Maoni kuliko yote, kuliko tofali tupu, kuliko simu iliyoita bure. Alikuwa amekimbia kuja kumwokoa mama yake na mtu aliyeingia, na sasa aliona kwamba mama yake ndiye aliyeufunga mlango, na hakuwa na nia ya kuufungua.

“Hilo aliniuliza,” Bi Mkubwa alisema. “Kama kuna njia. Nikamwambia ningekuwa naijua ningeiandika.”

Kwa nje Fundi Kuta alijaribu mlango. Haukufunguka. Akamwita Mama Maoni kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti kubwa.

“Nipe ufunguo, Mama.”

“Mwambie huyo anyamaze kwanza.”

“Nipe ufunguo.”

Alinyoosha mkono mfukoni mwa mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa mtundu. Bi Mkubwa aliudaka mkono ule, akaushika. Alikuwa na nguvu, yeye ambaye hata jogoo akimfukuza asingeweza kumkimbia. Walisimama hivyo, mama na binti, hawavutani, wala hawaachiani.

Kutoka chumba cha nyuma kitanda kikalia. Mtu aligeukia ukutani.

“Nani huyo, mama?” ilisema sauti nzito, ya usingizi.

Mama Maoni alimtazama mama yake, akamwomba kwa macho. Bi Mkubwa naye alimtazama kwa huruma, kama anayemwomba radhi.

“Ni dada yako,” akajibu. “Lala.”