Harufu ya Saloni

Muzee Venant alitoka Walungu kuja Bukavu kufanyiwa operesheni ya kibofu, na alipotoka hospitali akabaki mtaa wa Nguba, kwa mtoto wake Cirhuza. Siku za kwanza mkojo ulikuwa unamponyoka. Mara moja alilowesha kiti cha saloni, na Adélaïde, mke wa Cirhuza, akakisafisha. Baadaye kidonda kikapona, mambo yakatulia. Ila harufu ikaanza.

Ilikuwa harufu nzito ya kuoza. Adélaïde alifua mapazia, akafungua madirisha, ikarudi. Cirhuza hakutafuta mbali. Alimnunulia baba yake sabuni ya kunukia na suruali mpya, akakifunika kiti chake kwa plastiki. Muzee alishukuru kwa sabuni. Kuhusu plastiki hakuuliza.

Kando ya kiti hicho palikuwa na akwariamu ya Cirhuza ya kufugia samaki, ile ya kila kitu ndani ya sanduku moja: taa, pampu na chujio vimefichwa nyuma ya ukuta mweusi, mgeni asione waya wala bomba. Taabu yake ilikuwa hapohapo. Chumba cha chujio kilikuwa chembamba, mkono ulikwama kabla ya kufika chini. Sponji ya kuchujia maji ilibidi aivue kwa uma wa jikoni, na kila alipoivuta ilijikamua, uchafu ukawamwagikia samaki. Safari moja aliiosha kwa maji ya bomba yenye dawa. Maji yakawa kama maziwa na samaki wengi wakafa. Tangu siku ile alikata tamaa na ule upande wa nyuma. Akawa anafuta kioo cha mbele tu. Taa iliwaka, samaki walipita, watu walisifu.

Jumapili moja ilikuwa zamu ya nyumba yao kupokea shirika, wale jirani wa parokia wanaosali nyumba kwa nyumba. Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa na joto lilikuwa limefungiwa ndani. Wageni walipojaa saloni, harufu ilikuwa kali kuliko siku zote. Maman Carine, anayeongoza sala, alijifunika pua kwa ncha ya kitenge chake, kisha akajifanya anapangusa jasho. Cirhuza aliona. Aliona pia wengine wanamtazama muzee, halafu wanatazama chini.

Akamwinamia baba yake, lakini hakushusha sauti vya kutosha.

"Papa, uende kukaa inje kidogo. Bageni banashindwa."

"Nilioga, Cirhuza. Nilioga mara mbili."

"Najua, Papa. Lakini uende tu."

Muzee Venant alisimama. Kabla ya kupiga hatua alijipapasa suruali kwa nyuma, polepole, mbele ya watu wote, kuhakikisha kama imelowa. Kisha akatoka akishika ukuta.

Wakaanza rozari. Walikuwa katikati yake taa ilipowaka ghafla juu ya vichwa vyao, na mtu mmoja nyuma akasema kwa furaha, "Courant inarudi!" Pampu ikakoroma ndani ya akwariamu. Ikakohoa, ikatema. Maji meusi yalitoka mdomoni mwake na vipande kama vya nguo iliyooza, yakasambaa kati ya samaki hadi kioo kikawa cheusi. Harufu ikapanda kutoka kwenye lile sanduku kama mtu amefungua choo. Sala ikakatika yenyewe.

Hakuna aliyekosa kuelewa. Kiti cha muzee kilikuwa kitupu.

"Kumbe iko samaki," alisema Maman Carine.

Cirhuza alichomoa waya, akainua kifuniko, akasukuma mkono nyuma ya ule ukuta mpaka ngozi ikachubuka. Alitoka na sponji iliyojaa tope jeusi, na ndani ya tope samaki aliyekuwa ameruka ukuta na kufia huko, amebaki miiba. Tope lilichuruzika kwenye shati lake la misa. Adélaïde aliweka beseni chini yake bila kumtazama.

Cirhuza alimkuta baba yake uani, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kwenye kamba zilining'inia suruali zake zote, hata ile mpya, amezifua mwenyewe.

"Papa, haikuwa weye. Ilikuwa maji ya samaki. Mimi ndiye sikusafisha."

Muzee alimtazama ile mikono myeusi.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Papa. Unisamehe."

"Mimi pia niliamini ni mimi," alisema muzee. "Nilikuwa nanusa nguo, sisikii kitu. Nikasema labda pua imezeeka. Nikaacha kunywa maji."

Cirhuza alitaka kupiga magoti, lakini alihisi hata hilo lingekuwa la kujionyesha. Akamwomba arudi ndani.

"Hapana. Usinirudishe mbele yao leo. Nimeshatoka mara moja."

Basi Cirhuza alirudi peke yake, akasimama kati ya wageni na shati lake chafu. "Nilimufukuza papa yangu kwa uchafu wangu mwenyewe," alisema. Walimaliza sala kwa haraka. Wakati wa kuondoka, mmoja baada ya mwingine walipitia uani kumpa muzee mkono. Cirhuza alibaki mlangoni akiwaangalia.

Akwariamu ilitolewa wiki ileile. Samaki waliobaki aliwachukua jirani. Harufu ilikwisha siku ilipotolewa. Muzee Venant alikaa hadi daktari alipomruhusu kurudi Walungu, hana kinyongo, anacheka na Adélaïde jikoni. Lakini kila alipoingia saloni alisimama kwanza kizingitini, akauliza kwa adabu kama mgeni:

"Naweza kukaa hapa?"

"Kaa, Papa," Cirhuza alijibu kila mara, na kila mara alishindwa kumtazama usoni.